Tairi la 255 kwenye janti ya inchi 7: jibu kwa mwenye Impreza WRX wa Lubumbashi

Swali: Jambo sana, Papa. Ninaishi Kampemba, hapa Lubumbashi, nami nina Subaru Impreza WRX ya mwaka 2006, gia za mkono, yenye janti (rimu) zake za kiwandani za inchi 17 na matairi ya 215/45R17. Muuzaji mmoja ananipa matairi manne ya okazioni, yaani yaliyokwisha kutumika, ya 255/40R17 kwa bei nzuri, na kwado (fundi wa matairi) wa mtaani kwetu anasema yataingia kwenye janti zangu bila shida. Ninataka gari lishike barabara vizuri zaidi kwenye kona, hasa ninapokwenda Likasi. Je, niyanunue? Na kama hapana, ni upana gani unaonifaa?

Jibu: Ndugu yangu, usiyanunue. Kwado wako hakudanganya aliposema yataingia, kwa maana ukiwa na mashine nzuri na sabuni ya kutosha, karibu kila tairi la inchi 17 litaingia kwenye janti ya inchi 17. Kinachoamua kuingia ni kipenyo. Kinachoamua kama tairi litafanya kazi yake likishaingia ni upana wa janti, na hapo ndipo hesabu inapokukatalia. Janti yako ina upana wa inchi 7. Katika saizi ya tairi, nambari ya kwanza ni upana wake kwa milimita, ya pili ni urefu wa ubavu kwa asilimia ya upana huo, na ya mwisho ni kipenyo cha janti kwa inchi. Tairi la 255/40R17 limeundwa kwa janti ya upana wa kuanzia inchi 8.5 hadi 10. Umepungukiwa na inchi moja na nusu kabla hujafika hata kwenye kiwango cha chini kabisa kinachoruhusiwa. Kwa janti ulizo nazo, mimi ningekomea 225/45R17. Ukitamani 245, basi fedha ya kwanza itoke kwa ajili ya janti, na ya matairi ifuate.

Anza kwa kuthibitisha ulicho nacho, kwa sababu magari haya yamepita mikononi mwa watu wengi kabla ya kufika kwetu, na janti huenda zilikwisha kubadilishwa njiani. Fungua gurudumu moja, liweke kifudifudi, usugue vumbi jekundu na utazame mgongo wa ile mikono inayotoka kwenye kitovu. Ukikuta maandishi 17x7JJ na karibu yake nambari 55, hizo ndizo za kiwandani. Nambari 17 ni kipenyo na 7 ni upana, vyote kwa inchi; JJ ni umbo la ukingo unaozuia tairi lisitoke; 55 ni ofseti, ambayo kwa kawaida huandikwa ET, na nitairudia baadaye kwa sababu ndiyo inayowatia watu hasara. Angalia pia kwamba upana wa janti hupimwa ndani, kati ya kuta mbili ambazo tairi huziegemea. Mtu akinyoosha utepe kutoka ukingo wa nje wa upande mmoja hadi ukingo wa nje wa upande wa pili, atapata karibu inchi nzima ya ziada, na ndivyo janti ya inchi 7 inavyouzwa sokoni kwa jina la inchi 8, wakati mwingine na muuzaji ambaye naye hajui.

Kila saizi ya tairi ina mambo mawili yaliyowekwa na mashirika ya viwango, kama ETRTO ya Ulaya na JATMA ya Japani, na kurudiwa na kila kiwanda kwenye majedwali yake: upana wa janti unaoruhusiwa, kuanzia chini hadi juu, na janti moja ya kupimia, ambayo upana wa tairi ulipimwa likiwa juu yake. Tairi lako la 215/45R17 linaruhusiwa kwenye janti ya inchi 7 hadi 8, na lilipimwa kwenye 7. Maana yake Subaru waliliweka mahali pake kabisa. Tairi la 225/45R17 huruhusiwa kwenye 7 hadi 8.5, na hupimwa kwenye 7.5. La 235/45R17 ni 7.5 hadi 9, hupimwa kwenye 8. La 245/40R17 ni 8 hadi 9.5, hupimwa kwenye 8.5. Hilo la 255/40R17 unalouziwa hupimwa kwenye 9. Ukigawanya upana wa janti ya kupimia kwa upana wa tairi, vyote vikiwa katika inchi, utaona kwamba kwa tairi la 215/45 uwiano ni kama asilimia 83, kwa la 245/40 ni asilimia 88, na kwa la 255/40 unakaribia asilimia 90. Kadiri ubavu wa tairi unavyokuwa mfupi, ndivyo tairi linavyodai janti iliyo karibu zaidi na upana wake lenyewe, kwa kuwa ubavu mfupi hauna nafasi ya kujikunja bila kuuharibu uso unaogusa barabara. Tairi la 255 kwenye inchi 7 lina uwiano wa asilimia 70 hivi. Uwiano huo ni wa matairi ya mbavu ndefu ya zamani. Kwa tairi la michezo lenye ubavu wa 40 haufai.

Sasa tazama kile ambacho ungelipia. Kanuni inayotumiwa na viwanda ni kwamba kila ukipunguza upana wa janti kwa nusu inchi, upana wa tairi lenyewe hupungua kwa milimita 5 hivi. Tairi la 255/40R17 likiwa kwenye janti yake ya inchi 9 lina upana halisi wa milimita 260. Ukiliminya hadi kwenye inchi 7, umeshuka hatua nne za nusu inchi, kwa hiyo limebaki na milimita 240 hivi, na hata hizo si za uso unaogusa lami, ni za tumbo la ubavu. Limekaa kama gunia la makala lililoshindiliwa kupita kiasi kisha likafungwa mdomo: tumbo limetoka nje, shingo imebanwa. Kingo mbili za ndani zimesogezwa karibu, mbavu zimepinda kwenda nje, na uso wa tairi, ambao ulitakiwa kuwa tambarare, umevimba katikati.

Matairi ya namna hiyo yakitumika miezi kadhaa, huwa na alama inayotambulika kwa jicho na kwa kidole. Pitisha kidole kutoka bega moja hadi jingine: katikati mifereji imekwisha, imebaki mistari myembamba inayokaribia vile vinundu vya kuonyesha kwamba tairi limechakaa, lakini mabegani meno yana kina chake chote, na pengine vile vinywele vya mpira vilivyobaki tangu kiwandani bado vipo. Mwenye gari hudhani ameweka hewa nyingi mno na kuipunguza, na kwa kufanya hivyo anaongeza tatizo la pili juu ya la kwanza, kwa maana sasa ubavu uliokwisha kupinda unaachiwa upinde zaidi.

Kwenye kona, ambako ndiko ulikotaka faida, hali ni hii. Unapogeuza usukani, janti inageuka kwanza, kisha ubavu unavuta uso wa tairi uifuate. Kama janti ni pana kulingana na tairi, mbavu zimesimama karibu wima na zinavuta mara moja. Kama janti ni nyembamba, mbavu zimeinama kwenda nje, na kabla ya kuuvuta uso wa tairi ni lazima kwanza zijilaze upande. Katika muda huo mfupi gari halijajibu, halafu linajibu ghafla, nawe tayari umeshaongeza usukani. Ubavu unaojikunja namna hiyo kila mzunguko hutoa joto, na joto hilo ndilo linalozeesha mpira na nyuzi zilizo ndani yake. Ukienda polepole mjini huenda usihisi lolote. Kwenye barabara ya Likasi, kilomita 120 hivi, jua likiwa kali na gari lina abiria wanne, utalihisi.

Pana hoja moja ambayo watu wengi huikubali bila kuipima, nayo ni kwamba tairi pana huweka mpira mwingi zaidi barabarani. Gari lako lina uzito wa kilo 1,400 na ushee, kwa hiyo kila gurudumu linabeba kama kilo 350 likiwa limesimama. Ukiwa na hewa ya bari 2.2, ambayo ni sawa na karibu kilo 2.24 kwa kila sentimita ya mraba, eneo linalohitajika kubeba kilo 350 ni kama sentimita za mraba 156. Hesabu hii haizingatii ugumu wa mbavu, ambao nao hubeba sehemu ya mzigo, lakini inaonyesha jambo lenyewe: uzito na hewa ndivyo vinavyoamua ukubwa wa eneo, kwa kiasi kikubwa kuliko upana. Tairi pana hubadilisha umbo la eneo hilo, likawa pana zaidi na fupi zaidi. Umbo hilo pana lina faida ya kweli kwenye kona, kwa sababu mpira hauchelewi kushika, hautelezi mapema kwenye sehemu yake ya nyuma, na joto linatawanyika katika mpira mwingi zaidi. Ila faida hiyo hupatikana pale tu uso wa tairi unapokaa tambarare, na unakaa tambarare kwa sababu janti imeunyoosha. Ukiweka tairi pana juu ya janti nyembamba, unalipa bei yote ya upana, yaani uzito, mafuta na utelezi wa mvua, kisha unaacha faida dukani.

Ili niseme haki, wapo watu wenye akili timamu wanaofanya jambo hili kwa makusudi. Nchini Marekani kuna mashindano ya SCCA, chama cha michezo ya magari cha huko, ambamo gari moja moja hukimbia kati ya koni zilizopangwa juu ya uwanja wa lami, na katika madaraja ya magari ya kawaida kanuni haziruhusu kupanua janti kupita ile ya kiwandani. Washindani wa huko hubana matairi ya hadi 245 kwenye janti za inchi 7, na wanapata muda bora. Lakini mkimbio wao ni wa dakika moja hivi, hewa wanaipima kabla ya kila mkimbio, matairi wanayochagua yana mbavu ngumu kupindukia, na wakimaliza wanayavua. Wanafanya hivyo kwa kuwa kanuni imewafunga mikono. Wewe hujafungwa na kanuni yoyote. Unaweza kununua janti inayofaa.

Kosa la upande wa pili, tairi jembamba kuvutwa juu ya janti pana ili gari lipendeze, nitalipitia haraka kwa sababu hukuliuliza. Ukingo wa janti hubaki wazi ukisubiri shimo la kwanza, na ukingo wa tairi unaweza kuchomoka hewa ikipungua. Ukiona kwado anamwaga petroli ndani ya tairi na kuiwasha ili likae, ondoka na gurudumu lako. Na hata katika ufungaji wa kawaida, hewa ya kuyakalisha matairi ya gari dogo isizidi bari 2.75, likikataa, linavuliwa na kupakwa sabuni upya.

Turudi kwenye gari lako, kwa sababu Impreza ina jambo lake ambalo magari ya kuvuta mbele tu hayana. Magurudumu yote manne yanasukuma, na katika WRX ya gia za mkono difarensho ya katikati, inayogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, ina chombo chenye sahani nyingi zilizozama katika mafuta mazito ya silikoni. Magurudumu ya mbele yakizunguka kwa kasi tofauti na ya nyuma, mafuta hayo hupata moto, hukaza, na kuzilazimisha pande mbili zilingane. Imeundwa hivyo kwa ajili ya matope na utelezi, ambako tofauti hudumu kwa sekunde chache. Matairi yenye mizingo isiyolingana huifanyisha kazi hiyo kila mita ya safari, hadi chombo kinaungua, na gharama yake huzidi ile ya matairi manne mapya. Subaru huagiza tofauti ya mzingo kati ya matairi isizidi robo inchi, yaani milimita 6 na kidogo. Ukigawanya kwa pai na kisha kwa mbili, utaona kwamba hiyo ni tofauti ya milimita 1 tu ya kina cha meno! Matairi ya okazioni yaliyokusanywa kutoka magari mawili au matatu hayawezi kutimiza sharti hilo isipokuwa kwa bahati. Kwa hiyo, hata kama saizi ingekuwa sahihi, ningekuambia uchukue utepe wa fundi cherehani, uzungushe kila tairi katikati ya uso wake likiwa na hewa, na uandike namba nne. Soma pia tarakimu nne za mwisho za maandishi ya DOT ubavuni: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira wa tairi la michezo hukauka hata likiwa limehifadhiwa, na tairi la kawaida lililo jipya litakushikia kona vizuri kuliko la kifahari lililokauka.

Unaweza kufanya nini, basi? Njia ya kwanza, ambayo ndiyo ningeifuata kama gari lingekuwa langu na fedha ingekuwa yako, ni kubaki na janti zako na kununua matairi manne mapya ya 225/45R17 ya aina nzuri. Kwenye inchi 7 tairi hilo liko kwenye mwanzo wa kiwango chake, litapungua hadi milimita 220 hivi za upana, na kipenyo chake ni milimita 634 dhidi ya 625 za tairi lako la sasa, tofauti ya asilimia 1.4, ambayo mita ya mwendo itaivumilia. Ukiona hata 225 ina mashaka, 215/45R17 ya mpira bora haina aibu yoyote. Ninasisitiza kwamba ubora wa mpira hubadilisha gari kuliko milimita 10 za upana, ingawa maduka yetu hupenda kuuza milimita kwa sababu zinaonekana.

Njia ya pili ni kutafuta janti za STI, yaani toleo la Impreza lenye nguvu kuliko WRX, za kabla ya mwaka 2005. Hizo zina inchi 17 kwa 7.5, ofseti 53, na muhimu zaidi, mpangilio wa matundu wa 5x100, yaani matundu matano kwenye duara la kipenyo cha milimita 100, kama wa gari lako. Juu yake tairi la 225/45R17 linakaa kwenye janti yake ya kupimia. Ofseti ni umbali kati ya katikati ya upana wa janti na sehemu inayogusa kitovu cha gari. Janti yako ya sasa, yenye nusu upana ya milimita 88.9 na ofseti 55, inaingia ndani milimita 143.9 na kutoka nje milimita 33.9. Ile ya STI, yenye nusu upana ya 95.25, inaingia ndani 148.25 na kutoka nje 42.25. Umeongeza milimita 4 upande wa amortisa (shokapu) na 8 upande wa bodi, kiasi kidogo ambacho hakihitaji kukata wala kukunja kitu. Jihadhari tu na janti za STI za kuanzia 2005: zina inchi 8, zinapendeza, na zinapatikana, lakini matundu yake ni 5x114.3 na hazikuhusu. Muuzaji atakuambia kuna kiunganishi cha chuma cha kubadilisha matundu. Kipo, lakini chenye unene wa milimita 20 kitaishusha ofseti ya 53 hadi 33, na gurudumu litatoka nje milimita 35 zaidi ya lilivyotoka kiwandani. Beringi za kitovu zitabeba mzigo ambao hazikupangiwa, usukani utavutwa na kila mfereji wa malori ya shaba, na tairi litagonga ukingo wa bodi kila gari linapobonyea.

Njia ya tatu ndiyo ya 245. Unahitaji janti ya inchi 17 kwa 8 au 8.5, matundu 5x100, na ofseti ambayo haitalisukuma tairi ndani ya amortisa wala nje ya bodi. Chukua mfano wa 17 kwa 8 yenye ofseti 48. Janti yenyewe inaongeza karibu milimita 6 ndani na 20 nje. Lakini janti siyo inayogusa, ni tumbo la tairi, kwa hiyo hesabu lazima ifanywe kwa tairi. Tairi la 245/40R17 lina milimita 248 kwenye janti ya inchi 8.5, kwenye 8 linakuwa 243, nusu yake 121.5. Toa 48 upate 73.5 upande wa nje; jumlisha 48 upate 169.5 upande wa ndani. Tairi lako la sasa lina milimita 213 kwenye inchi 7. Kwa hesabu hiyohiyo linatoka 51.5 na kuingia 161.5. Kwa hiyo utahitaji milimita 8 zaidi ndani na 22 zaidi nje. Sasa shika rula, uingize mkono nyuma ya gurudumu, upime nafasi iliyopo kati ya ubavu wa tairi na amortisa, na usikubali ibaki chini ya milimita 5 baada ya kutoa zile 8. Kwa upande wa nje, bandika vidonge vya udongo laini chini ya ukingo wa bodi, pakia watu wanne, upite polepole juu ya tuta ukiwa umekata usukani hadi mwisho, kisha usome jinsi udongo ulivyobonyea.

Jambo zuri katika saizi hii ni kipenyo: milimita 628 dhidi ya 625. Mita ya mwendo haitaona tofauti, na urefu wa ubavu ni milimita 98, wakati wa tairi lako la sasa ni 97. Hujapoteza kinga yoyote dhidi ya mashimo. Wanaokimbilia inchi 18 na tairi la 225/40 hubaki na ubavu wa milimita 90, na barabara zetu hupeleka malipo kwenye janti. Hakikisha pia kipimo cha mzigo hakishuki chini ya kile kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlango. Ukikuta 87, ni kilo 545 kwa tairi. 91 ni kilo 615. Herufi W inayofuata ni ya mwendo wa hadi kilomita 270 kwa saa, ambao wewe hutaufikia, lakini tairi lenye herufi hiyo limejengwa kuvumilia joto, na hilo unalihitaji.

Fikiria mvua kabla ya kuamua. Kuanzia Novemba hadi Machi maji husimama kwenye njia za magurudumu zilizochimbwa na malori, na tairi pana lina maji mengi zaidi ya kusukuma huku eneo lake la kugusa likiwa fupi. Watafiti wa NASA walichapisha mwaka 1963 kanuni inayohusisha mwendo wa tairi kuelea juu ya maji na hewa iliyo ndani yake. Kanuni hiyo ilitokana na matairi ya ndege, lakini ukiweka hewa ya bari 2.2 inatoa karibu kilomita 94 kwa saa, na katika magari upana na uchakavu wa meno huubadilisha mwendo huo, mara nyingi kwa kuushusha. Kwa anayekwenda Likasi kila wiki majira ya mvua, 225 yenye mifereji mirefu ni chaguo la busara kuliko 245 iliyobaki na milimita 3 za meno.

Hewa utaianzia kwenye kibandiko cha mlango, ikipimwa asubuhi tairi likiwa baridi, kisha utaipima kwa chaki. Chora mstari mnene wa chaki nyeupe kukatisha uso wa tairi, bega hadi bega, endesha gari moja kwa moja mita 50 juu ya lami kavu, ushuke uutazame. Ukifutika katikati tu, ama hewa imezidi ama janti ni nyembamba, na namna ya kujua ni ipi ni kupunguza bari 0.2 na kurudia: mstari ukianza kufutika sawasawa, ilikuwa hewa, mabega yakiendelea kubaki meupe hata ukiwa chini ya kipimo cha mlango, ni janti.

Siku ya kufunga, kama umenunua janti zisizo za Subaru, uliza kipenyo cha tundu la katikati. Kitovu cha gari lako ni milimita 56.1, na janti nyingi za soko zina tundu kubwa zaidi, kwa hiyo kila moja inahitaji pete yake ya kujaza nafasi hiyo, la sivyo usukani utatetemeka kuanzia kilomita 90 kwa saa na kila fundi atakuambia ni balansi. Nati ni za uzi wa 12x1.25, na umbo la kichwa chake lazima lilingane na shimo la janti mpya. Zikazwe kwa spana ya kipimo, kwa kiasi kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari. Mashine ya hewa iishie kuzileta karibu tu. Kilomita 50 hadi 100 baadaye, gari likiwa limepoa, zikaze tena, na ndipo upeleke gari kwenye upimaji wa mwelekeo wa magurudumu.